Somo yangu, usikubali saruji

Birmingham, 14 Oktoba

Kwako somo yangu,

Assalaam aleykum. Mimi na wanangu hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali huko Pangani. Ujumbe wako wa sauti kuhusu nyumba ya zamani ya bibi, mnayotaka kuikarabati mpangishe wageni, nimeusikiliza mpaka mwisho. Uliposema kaka yako ameshaagiza mifuko ya saruji, nikaona jambo hili nikuandikie kabisa, maana kwenye simu utanikatiza.

Juzi tumetoka kupumzika Chipping Campden, mji mdogo wa gulio la kale kwenye vilima vya Cotswolds, saa moja na kitu kwa gari kutoka hapa. Tulipanga kijumba cha zamani kilichokarabatiwa kwa ajili ya wageni wa likizo. Mlango wake mfupi, mwanangu mkubwa keshaupiga kichwa. Ndani kuna boriti nyeusi za mti, meko ya kuingia mtu mzima, na ngazi iliyojikunja ambayo sanduku letu lilikataa kuipanda. Kuta ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, nene hata dirisha limezama ndani ukapatikana ukingo wa kukalia. Hapo ndipo nilipokunywa chai zangu zote. Kasoro yake ni moja tu: kondoo kila mahali. Kondoo kwenye mito, kondoo kwenye vikombe, hata bafuni kondoo!

Lakini wana haki nao, maana mji ule umejengwa kwa fedha za sufi, yaani manyoya ya kondoo. Katika barabara kuu bado imesimama nyumba ya William Grevel, mfanyabiashara wa sufi aliyefariki mwaka 1401. Hatua chache mbele kuna banda la soko la mwaka 1627, matao pande zote, sakafu ya mawe yenye mabonde, walikokuwa wakiuzia siagi, jibini na kuku. Alilijenga Baptist Hicks, tajiri aliyevuna fedha zake London kwa kuuza hariri. Huyohuyo alijenga mwaka 1612 safu ya nyumba za kuwasitiri wazee maskini, na mpaka leo zina watu ndani.

Sasa nisikilize. Mwenye kijumba alipita kutuletea kuni, nikamsifia ukuta. Basi mama wa watu akakaa! Alipokinunua, kilikuwa kinanuka ukungu, rangi inabanduka. Waliomtangulia walikuwa wameziba maungio ya mawe kwa saruji, wakidhani wanaimarisha. Saruji ni ngumu kuliko lile jiwe, tena haipitishi unyevu. Maji yakishaingia ukutani hayana pa kutokea ila kupitia jiwe lenyewe, na majira ya baridi yakiganda yanavimba, uso wa jiwe unamomonyoka. Mafundi wakachokoa saruji yote kwa patasi na nyundo, taratibu, kisha wakajaza chokaa na mchanga na kufunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi. Miezi ya jalidi, maji yanapoganda, hawakugusa kitu.

Chokaa, somo! Ileile waliyokuwa wakichoma wazee wetu kwa matumbawe na magogo. Nilicheka peke yangu pale mlangoni. Sisi hatuna jalidi, lakini tuna chumvi, nayo ikikauka ndani ya jiwe hulipasua vilevile. Huko kutokwa na unyevu kwa ukuta wa sebuleni kwa bibi, unakoniambia, ninavyoona mimi kulianza pale mjomba alipopiga lipu ya saruji.

Usidhani wanaishi kizamani, la. Jiko ni la kisasa, maji ya moto yapo saa zote, na mabomba ya kupasha joto yamelazwa chini ya sakafu usiyaone. Ila nyumba ile imo katika orodha ya serikali ya majengo ya kihistoria: hubadilishi hata dirisha bila kibali cha halmashauri, na ukifanya kimyakimya ni kosa la jinai. Yule mama alilalamikia urasimu huo kwa muda mrefu kuliko alivyozungumzia chokaa.

Lipo lililonikera. Jioni ukitembea vichochoro vya mji unaona madirisha mengi hayana taa, kwa kuwa ni nyumba za likizo, na vijana waliozaliwa huko hawamudu bei. Tangu Aprili 2025 halmashauri za Uingereza zinaruhusiwa kutoza nyumba ya pili kodi ya halmashauri mara mbili, lakini tajiri wa London atalipa tu. Nami nilikuwa mpangaji humohumo, kwa hiyo sina la kusema sana. Ndiyo maana nasema wageni wapewe ghorofa ya juu, nawe na mama mbaki chini. Usihame.

Kaka yako mwambie saruji hiyo aijengee choo cha nje na tangi la maji. Mtafute fundi mzee anayejua kuloweka chokaa. Kama Pangani hayupo, uliza Tanga au Unguja. Nipigie picha za boriti zote, hasa zile za upande wa mto, na madaka ya sebuleni, vile vishubaka vya ukutani, kabla mtu hajayagusa. Nikizipata nitajua nikutumie kiasi gani mwezi ujao.

Mama nishikie mkono. Zile picha nazitaka kabla ya Ijumaa.

Ni mimi somo yako.