Seedorf ana vikombe vinne, sio vitatu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Kwenye ile makala yenu ya viungo bora wa Uholanzi mmeandika Clarence Seedorf kachukua Klabu Bingwa Ulaya mara tatu, alafu chini yake mwandishi kaongeza kwamba jamaa alikuwa mtu wa bahati tu, kila akienda anajikuta kwenye timu nzuri. Hilo la kwanza ni kosa la hesabu na nalielewa, watu wengi wanachanganya. Klabu ndio tatu, Ajax, Real Madrid na Milan, ila vikombe ni vinne maana Milan alibeba viwili, 2003 na 2007. Hilo la pili ndio limeninyima usingizi.

Bahati gani hiyo inamkalia mtu miaka 12? Ile ya kwanza, fainali ya 1995 pale Vienna, dogo ana miaka 19, yuko Ajax, anacheza kati na kina Edgar Davids na mzee Rijkaard, wanaifunga Milan 1-0 kwa goli la Kluivert ambaye naye alitokea benchi. Seedorf mwenyewe alitolewa mapema tu kipindi cha pili akaingia Kanu, kwahiyo hiyo mkisema ni ya kocha Van Gaal na kikosi chake kizima mimi nanyamaza. Lakini 1998 yuko Madrid, fainali inapigwa Amsterdam, kwenye uwanja wa Ajax ileile iliyomlea, wanaipiga Juventus 1-0, goli la Mijatović. Na Madrid walikuwa hawajaligusa hilo kombe toka 1966! Miaka 32. Hiyo ndio timu mnayosema alijikuta ndani yake, timu yenye jina kubwa sawa, ila vijana wake kombe hilo walikuwa wanalisikia kwa wazee.

Mpira wake wenyewe mmeupita mbio kweli, mistari miwili basi. Huyu mtu alikuwa na mwili wa kiungo mkabaji na miguu ya namba kumi, ukimgonga unadunda wewe, mpira anaufunika kwa mgongo na makalio mpaka aliyekuja kumpora anachoka mwenyewe, alafu anageuka taratibu kama hana haraka na dunia na pasi inatoka mguu wowote, kulia kushoto sawa tu. Na mashuti. Tafuteni lile goli la Agosti 1997 dhidi ya Atlético Madrid, alipiga kutoka mbali mno, kila nikiliona nashika kichwa.

Alafu ile biashara ya 2002. Inter walimpeleka kwa jirani zao Milan wakamchukua Francesco Coco, beki wa kushoto. Mtu kwa mtu! Nadhani mashabiki wa Inter mpaka leo hiyo stori hawataki kuisikia, maana Coco majeraha yakammaliza na huyu mwingine akakaa Milan miaka kumi. Februari 2004 kwenye debi, Inter wanaongoza 2-0 mpaka mapumziko, Tomasson akarudisha moja, Kaká akasawazisha, dakika za mwisho Seedorf akaachia shuti la mbali, 3-2. Msimu huohuo Milan wakachukua ubingwa wa Italia.

Na 2007 ndio kabisa. Robo fainali Milan wanatoka sare 2-2 nyumbani na Bayern, kila mtu anajua marudiano kule Munich Milan wanaenda kufa, wakashinda 2-0, wafungaji Seedorf na Inzaghi. Nusu fainali Manchester United wanakuja San Siro wakiwa mbele 3-2, wakala tatu bila, Kaká, Seedorf, Gilardino. Watu wanamkumbuka Kaká peke yake mwaka ule na sio vibaya, alistahili, ila Kaká alikuwa anakimbia mbele kwa sababu nyuma yake kuna Pirlo anagawa, Gattuso anang'ata, na Seedorf anafanya vyote viwili. UEFA wenyewe walimpa tuzo ya kiungo bora wa msimu ule.

Sasa najua mtanijibu penalti. Haya tuziseme. Euro 1996 robo fainali na Ufaransa pale Anfield, ana miaka 20, penalti yake ikadakwa na kipa Lama, Uholanzi nje. Mwaka uliofuata dhidi ya Uturuki, kufuzu Kombe la Dunia, akachukua mpira akapaisha, wakafungwa 1-0. Hata fainali ya 2003 na Juventus kipa Buffon alimdaka, ila wenzake wakamwokoa. Sikatai, penalti hakujaliwa, na pengine kosa lake ni kwamba hakuwa anajificha pale wenzake walipokuwa wanaangalia viatu. Lakini Euro 2000, nusu fainali na Italia, tena nyumbani Amsterdam, Uholanzi walikosa penalti tano siku moja! Mbili ndani ya mechi, tatu kwenye matuta. Frank de Boer peke yake mbili. Seedorf hakupiga hata moja siku ile. Mbona De Boer kwenye orodha yenu ya mabeki hakuna neno la penalti hata moja, yeye kasifiwa kwa ile pasi ndefu aliyompa Bergkamp Kombe la Dunia 1998 basi imetosha?

Timu ya taifa alicheza mechi 87, sio haba, ila alihangaishwa, mara nyingi anasukumwa pembeni kana kwamba ni winga. Kombe la Dunia 2006 kocha Van Basten alimwacha, akiwa ametoka kucheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya pale Istanbul mwaka mmoja tu nyuma. 2008 akajitoa mwenyewe, na mimi ningejitoa.

Ukocha tusiongelee sana, haukumkubali. Milan walimpa miezi michache 2014, na Cameroon aliyoishika na Kluivert ilitolewa na Nigeria 3-2 kwenye AFCON kule Misri 2019. Hapo mkimsema sina ubishi.

Basi naomba marekebisho, vikombe vinne, na neno bahati mliondoe au mwandishi aje atueleze inavyofanya kazi. Na kingine mhariri, ile picha mliyoweka juu ya jina lake, yule aliyevaa miwani, ni Davids.

Msomaji wenu wa kila siku