Tangi la mafuta haliwezi kubeba kila uchafu wa kiwanja cha ndege

Ndugu Mhariri,

Uliza kiwanja chochote cha ndege maji yake ya mvua yanasafishwa vipi, utajibiwa kwamba lipo tangi la kutenganisha mafuta. Jibu hilo ni nusu tu. Tangi halichuji kitu; linatuliza maji ili mafuta yaelee na tope litue chini. Matangi ya kawaida ya mfumo wa API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) husanifiwa kunasa matone ya mikroni 150, yaani milimita 0.15, kwenda juu. Matone madogo zaidi yanahitaji vibao vya mshazari vya kuyaunganisha, na vibao hivyo huziba upesi tope lisipozolewa.

Kinachoharibu kazi zaidi ni sabuni. Ndege ikioshwa maegeshoni na maji yakaachiwa mtaro, mafuta husambaratika kuwa vitone vidogo mno, maji yakageuka meupe kama maziwa, yakapita tangi zima bila kitu kuelea. Pampu iliyowekwa kabla ya tangi huleta balaa hilohilo kwa kuyakoroga. Basi ndege zioshewe kwenye sakafu yake yenye kingo, mfereji wake uende kwenye mtambo wa maji taka. Povu la zimamoto lenye PFAS, yaani kemikali za florini, nalo hupita tu, wala halivunjwi na vijidudu. Mazoezi yafanywe kwa maji matupu au kwa povu lisilo na florini.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo wasanifu wengi hubana matumizi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Maegesho ya hekta 2 yakipata milimita 10 za mwanzo, hizo ni mita za ujazo 200, na ndizo hubeba sehemu kubwa ya uchafu. Mvua ya milimita 50 kwa saa hapohapo huleta karibu lita 280 kila sekunde. Tangi dogo likipokea mkondo huo hukorogeka, na mafuta yaliyokusanyika majuma kadhaa hufagiliwa hadi mtoni. Dawa yake ni mchepuko: maji ya mwanzo yaingie hifadhini, yaliyozidi yapite kando. Na mafuta yanyonywe kabla ya msimu wa mvua, si baada yake.

Hifadhi hiyo isiwe bwawa la kudumu, kwani litaita ndege wa porini kwenye njia ya kurukia. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inashauri maji yasikae zaidi ya saa 48 baada ya mvua.

Mwisho, koki ya kufungia iwe baada ya tangi. Mafuta yakimwagika, ifungwe kwanza, ndipo yafyonzwe kwa vitambaa au mchanga. Yasisukumwe kwa mpira wa maji. Kifuniko cha koki kipakwe rangi nyekundu, ufunguo uning'inie jirani, na kila mwezi izungushwe ili isishikwe na kutu.

Mdau wa mifereji ya viwanja vya ndege