Risala ya mashemasi watarajiwa kwa mgeni rasmi, siku ya kufunga semina

Mheshimiwa mgeni rasmi, mchungaji wetu, wazee wa kanisa na washarika wote, Bwana Yesu asifiwe sana!

Mgeni rasmi kwanza karibu, tumefurahi mno kukuona. Sisi unaotuona hapa mbele ndio tuliopendekezwa kuwa mashemasi, na leo tunafunga semina, na kusema ukweli wengi wetu tulikuja tukidhani kazi yenyewe ni kuzungusha kapu la sadaka na kupanga viti basi, kumbe sivyo.

Tumesoma Matendo ya Mitume sura ya 6 mpaka tumeikariri. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, wajane wa Wayahudi wanaoongea Kiyunani wakawa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yakaanza. Wale mitume 12 hawakuwaambia watu nyamazeni mnaleta mgawanyiko, waliwaambia wachague wenyewe watu 7 wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, ili mitume wabaki na maombi na Neno. Sasa mgeni rasmi angalia majina ya waliochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia, yote ya Kiyunani! Yaani inaonekana kazi walipewa watu wa upande uleule uliokuwa unalalamika. Hapo tulikaa kimya kidogo darasani manake sisi huku anayelalamika huwa tunamwita mkorofi.

Ni kweli sura ile haiwaiti mashemasi waziwazi, ila makanisa mengi yanaona huduma ilianzia hapo. Na dada Fibi wa Kenkrea tusimsahau, Warumi 16 inamtaja kama mhudumu wa kanisa lile, kwa hiyo wadada wa kundi letu wametutuma tuliseme hili kwa sauti.

Kuhusu sifa, 1 Timotheo 3 ipo wazi: mstahivu, asiwe na kauli mbili, asiwe mtu wa mvinyo sana wala wa kutamani pesa ya aibu, mume wa mke mmoja, asimamie vizuri watoto na nyumba yake. Hiyo ya mvinyo na ya ndoa kila mtu anaijua na ndio huwa inaulizwa kwenye usaili. Ya kauli mbili haiulizwi kabisa, wakati shemasi ndiye anayeingia nyumba za watu, anajua nani hana chakula na nani kagombana na mwenzie, akitoka pale akaongea vingine kwa jirani na vingine kwa mchungaji, kanisa limeisha hilo.

Halafu kuna mstari wa 10, wajaribiwe kwanza. Mgeni rasmi huu ndio tunaokuletea leo rasmi. Mara nyingi mtu anaonekana ana gari, ana kazi nzuri, anatoa vizuri kwenye harambee, wiki inayofuata kawekewa mikono kuwa shemasi, kujaribiwa amejaribiwa lini?? Hatusemi mwenye uwezo asichaguliwe, hapana, ila mfuko wake usiwe ndio usaili wake. Tunajua madhehebu yanatofautiana, kwa Wakatoliki na Waanglikana shemasi ni daraja takatifu na wengi hupitia hapo kuelekea upadri au ukasisi, kwingine kama kwetu ni mshiriki wa kawaida anayechaguliwa na wenzake, lakini kupimwa kwanza kunatuhusu wote.

Kwa hiyo tuna maombi, na tunaomba usituonee haya. Tusiwekewe mikono leo wala mwezi ujao, tupewe muda wa kufanya kazi chini ya mashemasi wa zamani kwanza, na asiyefaa aambiwe kwa upendo akapumzike. Sadaka zihesabiwe na watu zaidi ya mmoja na kuandikwa palepale, sio kwamba hatuaminiani, ila tusiwekeane mitego. Orodha ya wajane na wagonjwa iwe ya kanisa, isiwe kwenye simu ya mtu mmoja ambaye akihama na wao wanahama naye. Na ile bajeti ya huduma ya wahitaji ambayo kila mwaka inakuwa ya kwanza kupunguzwa, tunaomba utuombee kwa kamati, wewe wanakusikiliza.

Naomba kuwasilisha.

Ni sisi mashemasi watarajiwa.