Waulizeni na wasafishaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mwaka 2023 nilipunguzwa kazi ya kuandika programu za kompyuta hapa Marekani. Taarifa niliikuta kwenye simu alfajiri, na nilipofungua kompyuta ya kazini ilikuwa imeshafungiwa. Nilikuwa nimetumikia miaka sita. Nililia, wala sioni haya kusema hivyo.

Hata hivyo, habari nyingi ninazosoma kuhusu upunguzaji huu zinatusimulia kama watu walioachwa mikono mitupu. Tunatajiwa 12,000 wa Google na 10,000 wa Microsoft, wote waliotangazwa Januari ile ya 2023. Idadi ni kweli, ila ni nadra kusimuliwa tuliondoka na nini. Google iliwaahidi wafanyakazi wake wa Marekani mshahara wa wiki 16, pamoja na wiki mbili kwa kila mwaka wa utumishi. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilikuwa imetoa kiasi kama hicho Novemba 2022, ikaongeza bima ya afya ya miezi sita kwa mtu na familia yake. Tena hiyo ni mishahara minono: kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za 2023, nusu ya waandishi wa programu walipata zaidi ya dola 132,270 kwa mwaka. Ukichukua wafanyakazi wa kazi zote, kiwango hicho cha katikati kilikuwa dola 48,060.

Mimi nilikaa miezi mitano bila kazi na sikukosa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja. Sikuwa hodari kuliko wengine; nilikuwa na akiba kwa sababu nililipwa vizuri.

Kwenye ghorofa yetu alikuwapo mama mmoja aliyesafisha jioni, baada ya sisi kuondoka (mara nyingi mimi nilichelewa, ndiyo maana tulifahamiana). Mwajiri wake alikuwa wakala, si kampuni yetu. Ghorofa ilipofungwa, aliambiwa Jumatano kwamba zamu yake ya mwisho ni Ijumaa. Hakupata kiinua mgongo, na katika idadi iliyotangazwa hakuwamo.

Sisemi wenye mishahara mikubwa wote walikuwa salama. Wenzangu wa kigeni wenye viza ya kazi ya H-1B, inayofungamana na mwajiri, walikuwa na siku 60 tu za kupata mwajiri mpya au kufungasha virago, na akiba haiongezi hata siku moja hapo. Hao nawaonea uchungu hadi leo.

Ninaloomba ni hili: mwandishi wako akiiuliza kampuni imepunguza wahandisi wangapi, aulize pia ni wasafishaji, wapishi na walinzi wangapi wa mawakala waliokosa zamu wiki hiyo, na walipewa taarifa ya siku ngapi.

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu, Marekani