Kesi ya Jeanne d'Arc haikuishia motoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila inapokaribia Mei 30, sikukuu ya Mtakatifu Yoana wa Arc (kwa Kifaransa Jeanne d'Arc), simulizi ile ile hurudi magazetini na kwenye mimbari: binti wa mkulima aliyesikia sauti kutoka mbinguni, akavaa deraya, akaukomboa mji wa Orléans, akachomwa moto Rouen akiwa na miaka 19 hivi. Makala mliyoitoa juzi ilipita njia hiyo hiyo na kusimama pale pale penye kuni. Mimi nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama hadi nikastaafu, na inaniuma kuona jalada la binti huyu linafungwa siku ya kifo chake. Kesi yake iliendelea kwa robo karne, na walioibeba hawakuwa watu wa panga.

Ya vita yanajulikana, nitayapitia haraka. Jeanne alizaliwa karibu mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy, mashariki mwa Ufaransa, kwa Jacques d'Arc na Isabelle Romée. Mwaka 1420 Mkataba wa Troyes ulimnyang'anya Charles, mwana wa mfalme, urithi wake na kuukabidhi kwa mfalme wa Uingereza. Jeanne akiwa na miaka 17 hivi alimfuata Charles huko Chinon, akaingia Orléans Aprili 29, 1429, na Mei 8 Waingereza waliokuwa wameuzingira mji huo tangu Oktoba wakaondoka. Julai 17 Charles akatawazwa Reims, Jeanne yupo karibu naye na bendera yake. Bendera hiyo, kama alivyosema baadaye mahakamani, aliipenda mara arobaini kuliko upanga, na aliishika mwenyewe ili asije akaua mtu. Alisema hajawahi kuua. Wanaomchora akiwa na upanga unaochuruzika damu wangeyasoma maneno hayo kwanza.

Mei 23, 1430 Waburgundi, Wafaransa walioshirikiana na Waingereza, walimkamata nje ya mji wa Compiègne, wakamuuza kwa Waingereza kwa livre 10,000, fedha ya Ufaransa ya wakati huo. Mfalme aliyepata taji kwa jasho lake hakumkomboa.

Sasa tuje Rouen, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Aliyeongoza kesi ni Pierre Cauchon, askofu wa Beauvais, aliyekuwa upande wao. Mshitakiwa wa uzushi alistahili kuwekwa katika gereza la Kanisa, na akiwa mwanamke alindwe na wanawake. Jeanne aliwekwa ngomeni, minyororo miguuni, akilindwa usiku na mchana na askari wa kiume wa Kiingereza. Alihojiwa bila wakili, mbele ya makumi ya wasomi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Paris, ilhali yeye kwa maneno yake mwenyewe hakujua A wala B. Februari 24, 1431 wakamuuliza kama anajua kuwa yumo katika neema ya Mungu. Swali hilo lilikuwa mtego wa makusudi. Akisema ndiyo, amejidai kujua jambo ambalo Kanisa linafundisha kuwa hakuna mtu awezaye kulijua kwa hakika; akisema siyo, amejihukumu mwenyewe. Akajibu: "Kama simo, Mungu anitie humo, na kama nimo, Mungu anidumishe humo." Mmoja wa makarani waliokuwapo alishuhudia miaka mingi baadaye kwamba waliomhoji walipigwa na butwaa.

Tunalijuaje jibu hilo? Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wako wakae kidogo. Kulikuwa na karani aitwaye Guillaume Manchon, mwandishi mkuu wa mwenendo wa kesi ile. Alieleza baadaye, chini ya kiapo, kwamba mwanzoni mwa kesi watu wengine walifichwa nyuma ya pazia karibu na dirisha, nao wakawa wanaandika maneno ya kumtia hatiani na kuyaacha aliyojitetea nayo. Jioni kumbukumbu zikilinganishwa, hazikupatana, na wakubwa wakamkasirikia Manchon. Yeye hakubadilisha. Pale palipobishaniwa aliweka alama pembeni ili mshitakiwa aulizwe upya. Kwa yeyote aliyewahi kukalia kiti cha karani huku bosi anataka neno moja tu "lirekebishwe", hakuna haja ya kueleza uzito wa tendo hilo. Simfanyi Manchon malaika. Alibaki kazini, akatia saini, akapokea ujira. Lakini alisema kwamba baada ya binti yule kuchomwa hakupata utulivu kwa mwezi mzima, na kwamba kwa sehemu ya fedha alizolipwa kwa kesi ile alinunua kitabu cha misa ili amkumbuke katika sala.

Nirekebishe na jambo moja linalorudiwa sana, kwamba alichomwa kwa uchawi. Hukumu ilihusu uzushi, na kuurudia uzushi. Mei 24, moto ukiwa mbele ya macho yake, alikubali kuzikana sauti zake, akarudishwa gereza lile lile, kwa askari wale wale. Siku chache baadaye akakutwa amevaa tena nguo za kiume, ambazo alikuwa ameahidi kuziacha. Mashahidi wa kesi ya pili, nitakayoieleza hivi punde, walisema alizivaa kujikinga na walinzi. Alipoulizwa Mei 28 juu ya zile sauti, alisema zimemlaumu kwa kukana ili aokoe maisha yake. Pembeni ya jibu hilo, katika kumbukumbu za Kilatini, karani ameandika maneno mawili: jibu la mauti. Mei 30 akachomwa katika uwanja wa Vieux-Marché, na majivu yakatupwa mtoni Seine.

Makala nyingi hufunga hapo, ya kwenu ikiwamo.

Mama yake alikuwa hai. Isabelle Romée, baada ya kufiwa na mume, alihamia Orléans, na tangu 1440 mji huo ukawa unampa posho ya kujikimu kwa heshima ya binti yake. Rouen iliporudi mikononi mwa Wafaransa mwaka 1449, nyaraka za kesi zikapatikana, na mwaka uliofuata mfalme akaagiza uchunguzi wa kwanza. Tuseme ukweli: Charles alikuwa na lake. Mfalme aliyefikishwa kwenye taji na mtu aliyehukumiwa kuwa mzushi ana doa kwenye taji lake. Lakini mfalme hakuweza kuitengua hukumu ya mahakama ya Kanisa, ilihitajika ruhusa ya Papa, na wadai mbele ya Papa walikuwa familia ya marehemu. Papa Kalisti III aliitoa ruhusa hiyo mwaka 1455.

Novemba 7 mwaka huo, mama huyu mzee aliingia katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, akifuatana na wanawe na watu wa Orléans, akawasilisha dai lake mbele ya wajumbe wa Papa. Alieleza kwamba alimzaa binti huyo katika ndoa halali, akambatiza, akamlea katika kumcha Mungu kadiri ya umri wake na hali ya maisha yao ya shamba, na kwamba maadui wakamuua kwa kesi isiyo halali. Ni mwanamke wa kijijini amesimama mbele ya maaskofu, akidai jalada lifunguliwe. Sioni kitendo cha Orléans kinachoupita ujasiri huo.

Na jalada likafunguliwa. Mashahidi wapatao 115 walisikilizwa, Domrémy, Orléans, Paris na Rouen. Walikuwamo wakubwa kama Dunois, aliyepigana naye Orléans, lakini mimi nawapenda zaidi wale wa kijijini. Mtunza kanisa wa Domrémy, Perrin Drappier, alisema kwamba aliposahau kupiga kengele ya sala ya jioni, Jeannette, ndivyo walivyomwita nyumbani, alimgombeza, kisha akamwahidi kijizawadi ili asisahau tena. Mkulima mmoja, Simonin Musnier, alikumbuka kwamba alipougua utotoni ni Jeanne aliyekuja kumfariji. Rafiki yake Hauviette alisema alilia sana Jeanne alipoondoka, kwa kuwa alimpenda. Shujaa huyu wa mabango akarudishwa kuwa mtoto wa watu, mwenye majirani wanaomjua. Naye Manchon, baada ya miaka 24, akaleta mahakamani kumbukumbu zake za Kifaransa alizokuwa amezihifadhi, zikalinganishwa na yaliyoandikwa katika mashitaka.

Julai 7, 1456, katika jumba la askofu mkuu mjini Rouen, hukumu ya 1431 ilitangazwa kuwa batili. Vile vifungu 12 vya mashitaka, ambavyo wasomi wa Paris walivitumia kumhukumu, viliamriwa vichanwe. Ikaamriwa pia msalaba usimikwe pale alipochomwa. Isabelle alifariki miaka miwili baadaye, 1458, akijua binti yake amesafishwa.

Utakatifu ulikuja baadaye sana: mwenyeheri mwaka 1909, mtakatifu Mei 16, 1920. Katikati hapo na hata baada ya hapo kila kundi la siasa Ufaransa limemvuta upande wake, wapenda ufalme na wapenda jamhuri, serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, na waliopigana nayo. Wanaomtumia hivyo huchukua upanga na farasi, na kuliacha jalada. Jalada haliwasaidii, maana ndani yake kuna msichana anayejibu maswali kwa akili yake mwenyewe na kugoma kuwa chombo cha mtu.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Wapo mabinti huku kwetu wanaochagua jina lake katika kipaimara, na wapo walimu wa historia wanaokata makala zenu na kuwasomea wanafunzi. Mkiandika tena juu yake, tafadhali ipeni kesi ya pili nafasi sawa na ya kwanza, mmtaje Isabelle Romée na Guillaume Manchon kwa majina, na tarehe ya Julai 7, 1456 iwekwe kando ya Mei 30, 1431. Kama kuna msomaji wako anayefundisha sheria, namsihi pia autumie mwenendo huu darasani. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kesi zote mbili imebaki, na zimekwisha kuchapishwa tangu karne ya 19.

Wako msomaji,
Karani mstaafu,
Morogoro