Shangazi, usimvute vidole

Shangazi yangu mpendwa,

Jumamosi ulipomkanda mwanangu viganja kwa mafuta ya nazi, nilinyamaza kwa heshima. Mkono wako najua ni wa upendo. Lakini ulipovivuta vile vidole ili vinyooke, nilimwona akiuma mdomo, na usiku hakulala. Nakuandikia hadharani kwa sababu hapa Nairobi si wewe peke yako unayefanya hivyo.

Vidole vile havikupindwa na uvivu, wala na baridi ya Julai. Ana ugonjwa wa kurithi uitwao mukopolisakaridosisi aina ya kwanza. Mwili wake una upungufu wa kimeng'enya kinachovunjavunja minyororo mirefu ya sukari ndani ya seli, nayo hurundikana kwenye mifupa, kano na maungio mpaka yanakakamaa. Miaka mitatu tuliambiwa ni baridi yabisi. Kumbe maungio yake hayakuwahi kuvimba wala kupata joto, na vipimo vya damu vilirudi safi kila mara. Laiti mtu mmoja tu angejiuliza kwa nini!

Ulisema ni maumivu ya kukua. Hayo humjia mtoto jioni au usiku, miguu yote miwili, kukicha anakimbia. Huyu kukicha hawezi kufunga vifungo vya sare.

Nililochelewa kulielewa ni hili: watoto hawa mara nyingi hawasemi wanaumwa, kwa kuwa hawajaujua mwili usiouma. Neva ya kifundo cha mkono hubanwa na tishu zilizonenepa, vidole vikafa ganzi. Yeye hukung'uta mikono tu usiku, na mchana kikombe cha chai kinamponyoka. Nilimgombeza kwa vikombe vile, Shangazi. Nilimgombeza sana, na bado linaniuma.

Dawa ya kuongeza kimeng'enya ipo tangu 2003, hutiwa mshipani kila wiki. Bei yake inatisha, na mifupani haifiki vizuri. Ndiyo maana tunashikilia mazoezi ya polepole tuliyofundishwa na mtaalamu wa viungo.

Na mnong'ono kwamba ugonjwa umetoka kwa kina mume wangu uishe. Jeni moja yenye kasoro ni ya kwao, nyingine ni ya kwetu. Kila mimba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa huu.

Uliahidi kumnunulia shati la Krismasi. Tafadhali mtafutie lisilo na vifungo.