Risala ya Wahitimu wa Ushonaji kwa Mgeni Rasmi: Sare ya Kazi ya Mwanamaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Sisi wahitimu wa fani ya ushonaji na ubunifu wa mavazi tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako na kujumuika nasi hapa Kigamboni. Kwa kuwa mgeni wetu wa leo ni mtu wa bahari, na kwa kuwa chuo chetu na Kamandi ya Wanamaji vyote viko ng'ambo hii ya Magogoni, tumeona risala yetu ijikite katika jambo moja tunaloliweza: sare ya kazi inayomfaa mwanamaji akiwa melini. Sampuli imetundikwa mbele yako. Ni ya buluu iliyokoza, haina mabaka wala nembo, kwa sababu sisi ni raia na mavazi ya jeshi yana wenyewe. Tunacholeta ni mkato, kitambaa na mshono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Magwanda mengi ya kazi duniani yalibuniwa kwa ajili ya askari wa nchi kavu, mtu anayetembea, anayelala kifudifudi na kujificha porini. Siku ya mwanamaji ni nyingine. Anapanda na kushuka ngazi za chuma zilizosimama karibu wima, anavuka milango yenye vizingiti virefu, anavuta kamba mikono ikiwa juu ya kichwa, anachuchumaa kwenye chumba cha mitambo ambamo joto linaweza kuvuka nyuzi 40 za Selsiasi. Nguo yake inalowa pande mbili, jasho kwa ndani na maji ya chumvi kwa nje. Sare inayopendeza kwenye gwaride inaweza kumtesa mtu huyu kuanzia saa ya kwanza ya zamu.

Tuanze na jasho. Jasho humpoza mtu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka huondoka na joto la takribani kilokalori 580, lakini lita hiyohiyo ikichuruzika mpaka kwenye soksi, mwili umepoteza maji na haukupata nafuu yoyote. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Dar es Salaam huwa imejaa unyevu, na jasho hukauka polepole hata kwa aliyekaa kivulini. Kwa hiyo nguo inatakiwa ifyonze jasho na iache upepo upite. Pamba katika hali ya kawaida hushika unyevu wa takribani asilimia 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4, na poliesta, ile iliyomo kwenye tetroni za sare za shule, haifikii hata asilimia 1.

Pamba nayo ina kasoro yake, na hatutaki kuificha. Ikilowa inakuwa nzito, inaganda mwilini na inachelewa kukauka. Dawa yake ni kupunguza uzito wa kitambaa na kuongeza nafasi kati ya nguo na mwili, si kukimbilia nyuzi za viwandani. Kwa shati tumechagua pamba tupu ya gramu 170 kwa mita ya mraba, na kwa suruali kadeti, yaani pamba nene zaidi, ya gramu 240. Kadeti ya gramu 300, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa inasimama vizuri ikipigwa pasi, ni adhabu kwa mtu wa mitambo.

Kisha kuna chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana shati lililolowa maji ya bahari likaanikwa usiku kucha huamka bado lina ubichi. Mchana likikauka, punje za chumvi hubaki kwenye nyuzi na kusugua ngozi kama msasa shingoni, kwapani, kiunoni na kati ya mapaja. Harara na michubuko huanzia hapo. Sehemu hizo nne ndizo tulizozishughulikia zaidi kwenye sampuli hii, na humo hakuna mshono wa ovaloki, yaani ule wa nyuzi zinazozungushiwa ncha ya kitambaa, unaogusa ngozi. Kila mshono umekunjwa, ncha mbichi zikafichwa ndani, ukalazwa na kupigwa nyuzi mistari miwili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kuna jambo ambalo lazima litangulie starehe zote, nalo ni moto. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwahi kuwa na sare ya kazi ya mabaka ya buluu, iliyofumwa nusu nailoni na nusu pamba. Ilikuwa imara na haikudai pasi nyingi. Mwaka 2012 ilipojaribiwa kwa moto, ilionekana kwamba inawaka mpaka inateketea, na nailoni yake inayeyuka. Tarehe 1 Oktoba 2019 iliondolewa rasmi kwenye matumizi. Ililalamikiwa pia kwa rangi yake, maana buluu ya bahari humficha mtu aliyeanguka baharini.

Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 na kidogo, na ikiyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Pamba huwaka, lakini haiyeyuki. Kwa sababu hiyo tunasema wazi kwamba mchanganyiko wa poliesta usiingie kwenye sare ya melini, hata kama ni nafuu. Kwa wa mitambo na wa jikoni inafaa pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, ambayo ikiondolewa kwenye mwali hujizima. Na ulinzi huo wote hupotea mtu akivaa jezi ya mpira ndani ya shati. Jezi kwa kawaida ni poliesta tupu, na joto likipenya itayeyukia kifuani. Fulana ya ndani iwe ya pamba.

Madukani Kariakoo kitambaa kinaweza kuitwa pamba tupu kumbe kimechanganywa. Kabla ya kununua jora, chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kisha uchome kila mmoja peke yake. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto na kuacha kidonge kigumu cheusi. Tunasisitiza nyuzi zote mbili, kwa kuwa vipo vitambaa ambavyo uzi wa urefu ni pamba na wa upana ni mchanganyiko. Kisha dondosha tone la maji. Likikaa juu ya kitambaa kama shanga, kuna dawa ya kiwandani iliyopakwa. Kifue kitambaa na ujaribu tena.

Sasa tuje kwenye mkato, ambako ndiko fundi anapopimwa.

Shati la kawaida hukatwa mkono wenye mzingo mrefu begani. Mtu akisimama mikono chini, linakaa vizuri sana. Akiinua mikono kuvuta kamba, badani yote inafuata mkono na shati linachomoka kiunoni. Mafundi wa kanzu wa pwani yetu wana jibu la zamani, nalo ni kikwapa, kipande cha kitambaa kinachoongezwa chini ya kwapa. Tumeshusha mzingo wa mkono kwa sentimita 4, tukatia kikwapa cha mraba cha sentimita 10 kila upande. Mgongoni kuna mkunjo wa sentimita 4 karibu na kila bega, unaofunguka mtu anapoinama na kujirudisha anaposimama. Chini ya kipande cha mabegani tumeacha mwanya wa upana wa sentimita 22 wenye wavu wa pamba kwa ndani. Hewa ya moto hupanda, na mwanya huo ndio mlango wake wa kutokea.

Kikwapa kinachanika, na mara nyingi kosa ni la fundi. Ili kukigeuza kwenye kona, ni lazima ukate mkasi kuelekea kwenye mshono, na hapo kitambaa kinabaki bila cha kukishikilia. Kabla ya kukata, shonea kwenye kona kipande cha pamba nyepesi cha sentimita 3 kwa 3 kilichokatwa mshazari, kisha kata na uache milimita 1 kabla ya kuufikia uzi. Aliyeruka hatua hii, kikwapa chake kitafumuka ndani ya wiki chache.

Suruali ilitupa kazi zaidi. Ngozi ya goti hutanuka kwa urefu kwa zaidi ya theluthi mtu anapochuchumaa, na kadeti haitanuki. Kipande cha mbele tumekikata kirefu kuliko cha nyuma kwa sentimita 3, na ziada hiyo imeliwa na dati tatu za sentimita 1 kila upande wa goti, yaani mikunjo midogo iliyoshonwa na kuishia kwenye ncha. Suruali sasa ina umbo la goti lililokunjwa kidogo. Ikitundikwa inaonekana kama imepinda. Mtu akishaivaa, kupinda huko hakuonekani. Kati ya mapaja tumetia kipande cha umbo la almasi, urefu sentimita 18 na upana sentimita 9, ili mishono minne isikutane mahali pamoja. Wengi hupanua paja ili kumpa mvaaji nafasi. Upana huo haumsaidii kwenye ngazi, kwa sababu suruali bado inakamata kati, na kitambaa cha ziada kinanasa kwenye vyuma. Kiuno cha nyuma kimepandishwa sentimita 3 ili mgongo usibaki wazi akiinama, na lastiki ya sentimita 8 imewekwa ubavuni kila upande, ndani ya kitambaa. Chumvi, mafuta na joto huua lastiki mapema, kwa hiyo tumeacha upenyo mdogo kwa ndani wa kuibadilishia bila kufumua kiuno.

Kwa wanawake hatukupunguza tu saizi ya kiume. Tofauti ya kiuno na nyonga ni kubwa zaidi, na paterni yao imechorwa peke yake. Ndiyo sababu mojawapo ya kuchagua vipande viwili badala ya ovaroli. Mwenye ovaroli akitaka kujisaidia analazimika kuivua mpaka magotini, kwenye choo chembamba, meli ikiyumba.

Mifuko iko bapa, mbele ya paja badala ya ubavuni, na kila mmoja umeachiwa sentimita 1 wazi kwenye kona ya chini ili maji yatoke. Vifungo ni vya melamini, ambayo moto hauiyeyushi, na vimefunikwa visinase kwenye kamba. Zipu ya shaba huota kutu ya kijani na kukwama, kwa hiyo hata suruali ina vifungo. Uzi tuliotumia umevishwa pamba kwa nje, mishono 4 kwa kila sentimita, sindano namba 16 kwa kadeti na namba 14 kwa shati. Upande wa chini wa kola umewekwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Aliyeanguka majini akiipandisha, shingo yake inaonekana kwa mbali.

Seti moja ya saizi ya kati hula mita 3.6 za kitambaa cha upana wa sentimita 150: shati mita 1.9, suruali 1.5, na 0.2 ya vikwapa na viraka vya kona. Kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Pamba ambayo kiwanda hakikuifinya mapema hupungua asilimia 3 hadi 5 kwa urefu, na kwenye suruali ya sentimita 105 hiyo ni hadi sentimita 5. Mguu unabaki juu ya buti, na dati za goti zinapanda mpaka kwenye paja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sare hii inaweza kuharibiwa kwenye beseni. Ile iliyotiwa dawa ya moto isiguswe na jiki, maana huidhoofisha dawa hiyo. Sabuni ya mche kwenye maji ya kisima yenye chumvi huacha utando kwenye nyuzi, na utando huo unashika moto, kwa hiyo itumike sabuni ya unga na kusuuzwa vizuri. Wanga wa kukazia nguo uachwe kabisa, kwani huziba matundu ya kitambaa na nao pia huwaka. Tunajua askari hupenda nguo iliyonyooka. Pasi ya moto yenye maji inatosha. Na melini, maji yasiyo na chumvi yakiwa haba, ndoo moja ya kusuuza chumvi ina faida kuliko sabuni nyingi.

Tuna maombi manne. Tunaomba ruhusa ya kupima miili ya wanamaji, wanaume kwa wanawake. Pamoja na vipimo vya kawaida, tupime shingo hadi kifundo cha mkono mkono ukiwa juu, na kiuno hadi goti mtu akiwa amechuchumaa, kwa sababu vipimo vya kusimama ndivyo vinavyozaa nguo za kusimama. Tunaomba seti 12 zivaliwe kazini kwa miezi mitatu ya kaskazi: nne kwenye mitambo, nne sitahani, mbili jikoni na mbili kwenye chumba cha usukani, kila mvaaji akiwa na kadi ya kuandika mshono uliofumuka na idadi ya mafuo. Tunaomba kitambaa kipelekwe Shirika la Viwango Tanzania kupimwa kupungua, kuchuja rangi na kuwaka. Na tunaomba cherehani moja ya kukazia ncha za mifuko na vikwapa, kazi ambayo sasa tunaifanya kwa kurudisha uzi mara nyingi na haitoki sawa.

Paterni za sampuli hii, saizi tatu za kiume na tatu za kike, ziko kwenye bahasha tutakayokukabidhi pamoja na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.